Ramani ya muiri isitudanganye

Haya wasomaji, leo tuziache simu kidogo twende mlimani. Kuna mti wa Prunus africana, Wakikuyu huuita muiri. Gome lake hutoa dawa ya wazee waliovimba tezi dume, na Mfaransa Jacques Debat aliiwekea hataza mwaka 1966. Mti ukibanduliwa gome pande zote, mara nyingi hufa. Tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Siku hizi watafiti huiuliza kompyuta mti huu unaweza kuota wapi. Wengi hutumia MaxEnt, programu iliyoelezwa jaridani mwaka 2006 na ambayo leo ni huria. Unaipa pointi mti ulikoonekana, pamoja na ramani za mvua na joto za WorldClim, nayo inakupa ramani ya rangi. Kazi ya mchana mmoja, na ndiyo maana siiamini haraka.

Tuanze na pointi. Wakusanyaji wa mimea hupita penye barabara. Ni sawa na kuhesabu watu wa Likoni ukiwa umesimama ferini tu: utaapa Timbwani hakuna mtu! Modeli ikilishwa hivyo hujifunza barabara, si mti.

Halafu pikseli. Ile ndogo kabisa ya WorldClim ni kama kilomita moja. Hapa Timbwani kilomita moja ni tambarare, hakuna neno. Kwenye mteremko mkali wa Mlima Kenya inaweza kupanda mita 300, na kila mita 100 joto hushuka zaidi ya nusu digrii. Bondeni na juu ya kilima, rangi moja.

Lakini kubwa ni hili: modeli inajua hali ya hewa, haijui panga. Kijani maana yake muiri ungeweza kuishi pale, si kwamba upo. Ofisa akiona kijani kimejaa atadhani miti ni tele, kumbe sehemu ya hicho kijani ni mashamba ya chai.

Kwa hiyo ndugu zangu waandika programu, mkichora ramani hizi wekeni juu yake mpaka wa msitu uliobaki leo, na mtu apande akahakikishe kwa macho. Msimbo uwekeni wazi wote. Pointi kamili hapana, huko ni kumchorea mwizi wa magome njia. Zikadirieni hadi kilomita kumi, anayehitaji zaidi akaombe kwa wenye sampuli.