Mcherokee Si Mhusika wa Sinema

Mtajie mpenzi wa filamu za makauboi "Wahindi Wekundu", naye picha inayomjia ni ileile: manyoya kichwani, farasi bila tandiko, upinde mkononi, watu wa kauli moja walioporwa na Wazungu. Waliporwa kweli. Hiyo kauli moja ndiyo haikuwepo, na kuishikilia ni kuwafanya watu hao watoto wasio na siasa wala hatia, na kuwasahau kabisa watumwa waliowalimia mashamba.

Ukoo wa Stand Watie wa Wacherokee, taifa mojawapo la hao "Wahindi Wekundu", unatosha kuibomoa imani hii.

Watie alizaliwa 1806 katika nchi ya Wacherokee, ambako leo ni jimbo la Georgia. Kaka yake, Elias Boudinot, alihariri Cherokee Phoenix, gazeti lililoanza 1828 kwa Kiingereza na kwa Kicherokee, likitumia herufi alizozibuni Sequoyah. Wacherokee walikuwa na bunge, mahakama na katiba iliyoandikwa. Tarehe 29 Desemba 1835, kikundi kidogo kilichoongozwa na Major Ridge, baba mkubwa wa Watie, kilitia sahihi mkataba wa kuiuzia Marekani ardhi yote ya Wacherokee iliyokuwa mashariki ya mto Mississippi kwa dola milioni 5. Boudinot na binamu yao John Ridge walikuwamo. Watie naye aliutia sahihi. Waliamini kwamba Georgia ingewameza, heri waondoke mapema. Chifu mkuu John Ross, akiungwa mkono na wengi, aliukataa. Hofu ya kina Ridge ilikuwa na msingi, lakini nchi ya watu wote haikuwa yao kuiuza. Seneti ya Marekani iliuidhinisha kwa ziada ya kura moja tu.

Askari wa Marekani walikuja 1838. Kati ya Wacherokee wapatao 16,000 waliohamishwa kwenda magharibi, takriban 4,000 walikufa. Tarehe 22 Juni 1839, Major Ridge, John Ridge na Boudinot waliuawa siku moja, na waliowaua walikuwa Wacherokee wenzao. Sheria ya kumwua auzaye ardhi bila idhini ya taifa, Ridge mwenyewe aliwahi kuiunga mkono. Watie alinusurika. Mwaka 1845 ndugu yake mwingine, Thomas, aliuawa pia. Kisasi kilikuwa kimeingia majumbani.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka 1861, Watie alijiunga na majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa. Wanaomtetea husema alikuwa akilipiza kisasi kwa serikali ya Washington. Utetezi huo unaficha jambo zito: alimiliki watumwa weusi. Ross pia aliwamiliki. Kufikia 1860 nchi ya Wacherokee ilikuwa na watumwa wapatao 2,500, na baadhi yao walipotoroka 1842 wakielekea Mexico, baraza la Wacherokee lilituma wanamgambo kuwarudisha. Februari 1863 Wacherokee wa upande wa Kaskazini walifuta utumwa. Upande wa Watie haukufuata, naye mwaka uliofuata akapandishwa cheo kuwa jenerali.

Alikuwa hodari vitani, hilo halina ubishi. Juni 1864 askari wake waliteka meli ya mvuke katika mto Arkansas, na Septemba wakanyakua msafara mkubwa wa magari ya shehena huko Cabin Creek. Alisalimu amri tarehe 23 Juni 1865, jenerali wa mwisho wa Kusini kufanya hivyo. Mkewe, Sarah Bell, alikuwa amekimbilia Texas na watoto. Mwana mmoja alifariki 1863. Saladin, aliyepigana pamoja na baba yake, akafariki 1868. Wa tatu naye akafa kabla ya Watie kuzikwa 1871. Mabinti wawili waliobaki walifariki miaka michache baadaye, na Sarah akabaki peke yake.

Kwa waliokuwa watumwa, mkataba wa 1866 kati ya Marekani na Wacherokee uliwapa wao na vizazi vyao haki zote za raia wa taifa la Wacherokee. Mwaka 2007 wapiga kura wa taifa hilo waliwaondolea uraia wazao wao. Ilibidi wazao hao waende mahakamani, na hukumu ya kuwarudishia haki yao ilitolewa 2017.