Ukikata silensa, badilisha jeti pia

Wasee, hii ntaisema hata kama itanipunguzia wafuasi.

Mnaikumbuka ile klipu ya nduthi yangu ikinguruma hapa Embu mjini, nikitoka stendi kuelekea barabara ya Meru? Hakuna kitu kingine nimewahi kuposti kikatazamwa hivyo. Mkaniuliza silensa nimekatiwa wapi, ile filta ya nje nimenunua pesa ngapi. Hakuna hata mmoja wenu aliuliza kwa kabureta nimeweka jeti namba ngapi. Na ukweli ni kwamba sikuwa nimeweka yoyote. Niliacha ile ile ilitoka nayo kiwandani.

Wiki tatu baadaye nilikuwa naenda Meru, binamu yangu amekaa nyuma. Tukashuka mpaka daraja la Thuci, tukaanza kupanda kuelekea Chuka. Katikati ya mlima injini ikaanza kugonga, sauti kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Nikaongeza mafuta, kwa sababu ndio ujinga wa kila mtu akisikia nguvu inaisha. Mara gurudumu la nyuma likajifunga kidogo, tukayumba, ikazima. Bahati lori lililokuwa nyuma yetu lilikuwa mbali. Kufungua injini, pistoni imekwaruzika upande mzima na plagi ni nyeupe kama chaki. Shilingi 9,000 zikaenda, na hiyo ni ya kwangu ya kuzunguka tu. Sasa fikiria ingekuwa ya msee wa boda ambaye bado analipa mkopo kila siku, ikae kwa fundi siku nne.

Sikia vile inafanya kazi. Petroli haiungui vizuri peke yake, inataka hewa ya kiasi chake, kama gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Kiwanda kilichagua tundu la jeti kikijua hewa inapita kwa filta gani na moshi unatoka kwa silensa gani. Wewe umefungua njia ya kuingia na ya kutoka, hewa imekuwa nyingi, lakini tundu la petroli ni lile lile. Injini inakula hewa bila mboga. Inachemka, na pistoni ndiyo inalipa. Kile kishindo cha pa-pa-pa ukiachilia mafuta kwenye mteremko, kile tunapenda kurekodi, mara nyingi ni injini inalia njaa.

Mafundi wetu nawapenda, lakini kwa hili mnatuangusha. Mtu analeta pikipiki, unakata silensa, unachukua pesa, unamwambia aende. Mwingine anasema usijali, atapanua jeti na waya. Buda, jeti ni shaba nyekundu-njano laini, na tundu lake limepimwa. Ukilichokoa na waya hakuna mtu atawahi kujua tena ni namba ngapi. Jeti mpya ni kitu kidogo kuliko punje ya hindi, namba imechongwa kwake, na bei haifiki hata karibu na ya pistoni. Panda namba moja, enda nayo, angalia, ndio upande nyingine.

Kuangalia si uchawi. Ikiwa inavuta vibaya ukiwa umefungua mafuta yote, vuta choki kidogo tu. Ikipata nguvu, ilikuwa na njaa. Ikizidi kukohoa, huenda umeipatia petroli nyingi tayari. Halafu panda mlima na mafuta yamefunguliwa, zima injini hapo hapo ukiwa umeshika klachi, simama kando, toa plagi. Rangi ya karanga za kukaanga ni sawa. Nyeupe, ongeza jeti. Nyeusi ya masizi, punguza.

Na hapa kwetu kuna kitu watu wa video za Marekani hawawezi kukuambia. Kamburu kule chini Mbeere ni kama mita 1,000 juu ya bahari. Timau ni kama 2,300. Hewa ya Timau ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ukipangiwa kabureta Timau halafu ushuke nayo mpaka Kiritiri kubeba muguka kwa jua lile, mchanganyiko uliokuwa sawa juu unakuwa na njaa chini. Kwa hivyo usinakili namba ya jeti ya rafiki yako wa Meru. Pangia pale unafanyia kazi, na kama unazunguka kote, pangia pale chini.

Hiyo vumbi ya Mbeere nayo ni stori ingine. Nimeona watu wametoa filta kabisa wakafunga kipande cha godoro. Hapo jeti haikusaidii, unasaga silinda na mchanga.

Mkiniuliza mimi, kama unabeba abiria, rudisha silensa na filta za kiwandani. Nguvu unayopata kwa injini ya cc 150 ni kidogo sana, na mama mgonjwa hapo kwa wodi hahitaji kukusikia saa saba usiku. Yangu nimerudisha silensa, nikabaki na ile filta na jeti namba mbili juu. Haingurumi tena. Plagi ni ya karanga.

Ile klipu nimeifuta. Jumamosi narekodi nyingine, hapo Runyenjes, kabureta ikiwa imefunguliwa juu ya meza. Kama umekata silensa na hujui jeti yako ni namba ngapi, kuja nayo. Spana ya plagi niko nayo.