Mzazi aliyemeza iodini ya mionzi aambiwe tarehe

Ukipewa iodini ya mionzi kutibu tezi ya shingo au saratani yake, huenda ukaagwa kwa neno moja: "Usimkaribie mtoto." Kwa siku ngapi? Kwa nini? Wengi hurudi nyumbani bila jibu, na mimi naona huko ni kumtwisha mzazi hofu bure.

Iodini hiyo, iitwayo 131, hupungua yenyewe. Kila siku 8 hivi nusu yake huwa imekwisha: siku ya 16 imebaki robo, siku ya 24 thumni. Tena nyingi hutoka mapema zaidi kwa mkojo, hasa siku 2 za kwanza. Ndiyo maana unahimizwa kunywa maji, kukojoa ukiwa umeketi, kumwaga maji chooni mara mbili na kunawa mikono. (Picha ya eksirei haiachi mionzi mwilini, msizichanganye.)

Basi lala peke yako, na mtoto abebwe na bibi au shangazi. Umbali unasaidia sana: ukisogea kutoka mita 1 hadi 2, mionzi inayomfikia hushuka hadi karibu robo.

Anayenyonya ni habari nyingine. Huachishwa ziwa kabla ya dawa, maana iodini hupita kwenye maziwa. Mjamzito hapewi kabisa. Sema mapema, hata kama hujaulizwa.

Na usitoke hospitalini kabla hujaandikiwa tarehe ya kumpakata tena mwanao.