Wazo Peke Yake Halipewi Hataza

Rafiki yangu wa informatiki amemaliza mwaka mzima bila kunionyesha mchezo wa video anaoutengeneza. Anangoja breve, yaani hataza, asije mtu akamwibia wazo. Ninalojua ni hili tu: kuna kijana wa Katuba, na kila mlango hufunguka akishinda kisolo, ule mchezo wa kete na mashimo wa wazee wetu.

Nilimuuliza ataandika nini katika ombi lake. Akanyamaza.

Sheria namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982 hutoa hataza kwa uvumbuzi, tena uwe mpya na uweze kutumika viwandani. Kijana kufungua mlango kwa kisolo ni wazo zuri, lakini si uvumbuzi. Septemba 2024, Nintendo na kampuni ya Pokémon ziliishtaki Pocketpair huko Tokyo kwa ajili ya mchezo wa Palworld. Wengi walidhani ugomvi ni viumbe kufanana sura. Sivyo: hataza zilizotajwa zinahusu utendaji, kwa mfano namna mchezaji anavyolenga na kurusha kitu ili amkamate kiumbe. Kukusanya viumbe vya ajabu, kama wazo tu, hakuna mwenye nalo.

Basi mtu mwingine anaweza kuweka kisolo katika mchezo wake? Ndiyo, na aweke! Tulikirithi sote.

Kinachomlinda rafiki yangu ni Amri-Sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, ya haki za mwandishi. Hiyo hulinda kazi iliyokwisha kupata umbo: hadithi iliyoandikwa, michoro, muziki, mazungumzo. Hapo ndipo sisi wa lugha tunapoingia. Mama muuza makala anapomgombeza yule kijana kwa Kiswahili cha Lubumbashi, si kile cha vitabuni, kuna mtu aliyeyatunga maneno yale. Mimi niliwahi kumtungia mtu mazungumzo ya namna hiyo bila karatasi yoyote. Nilipewa pesa ya usafiri na soda. Mchezo ulipotoka, jina langu halikuwamo. Sheria ilikuwa upande wangu, ila sikuwa na kitu cha kuonyesha.

Kwa hiyo nimemwambia rafiki yangu aache kungoja, aniletee kurasa tatu za hadithi yake, zenye jina lake na tarehe. Mazungumzo nitaandika mimi, na safari hii tutatia sahihi kwanza.