Tuliyemchagua Atatoka kwa Mlango Gani?



Katika soko la Rongo, na katika vituo vya bodaboda kando ya barabara ya Kisii na Migori, neno moja linasemwa sana: "Huyu tumwondoe, tusingoje uchaguzi." Neno hili ni haki ya raia, nasi hatulikatai. Lakini twauliza: huyu ni nani, na sheria yasema atoke kwa njia gani? Tumeona watu wakipiga kelele mwaka mzima juu ya mtu ambaye kura zao haziwezi kumwondoa, huku yule ambaye wangeweza kumwondoa amekaa kivulini akinywa soda.

Tuanze na meya, kwa sababu wengine wetu bado wanamtafuta. Meya hayuko tena. Chini ya sheria ya zamani ya serikali za mitaa, wananchi walichagua madiwani, na madiwani wakamchagua meya miongoni mwao. Hapa Rongo tulikuwa na baraza la mji lenye mwenyekiti, si meya. Hata siku hizo mwananchi hakuwa na kura ya kumtoa. Madiwani ndio waliomweka. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mabaraza hayo yalikwisha, na kazi za soko, takataka, maji machafu na ushuru zikaingia mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo mama muuza samaki anayelipa ushuru kila asubuhi na haoni choo wala taa, shauri lake sasa liko kwa Gavana na kwa Bunge la Kaunti kule Migori.

Je, Gavana aweza kuondolewa kwa kura zetu? Hawezi. Jambo hili wengi hawalijui, na wanasiasa hawana haraka ya kulieleza. Kifungu cha 181 cha Katiba chataja sababu za kumwondoa Gavana, kama vile kuvunja Katiba vibaya au kutumia ofisi isivyo halali, lakini kazi hiyo imepewa Bunge la Kaunti na Seneti. Theluthi mbili za wajumbe wote wa Bunge la Kaunti wakikubali, shauri lapelekwa Nairobi. Ndivyo walivyoondoka Waititu wa Kiambu mwezi wa Januari 2020, Sonko wa Nairobi mwezi wa Desemba mwaka huo huo, na Mwangaza wa Meru mwezi wa Agosti 2024. Wote watatu waliondolewa na waheshimiwa wenzao wa siasa. Mpiga kura alisikiliza habari hizo redioni kama mtu anayesikiliza mpira.

Sasa mbunge na seneta. Hapa Katiba ya 2010 imesema wazi, katika Kifungu cha 104, kwamba wapiga kura wana haki ya kumwondoa kabla muda wake haujaisha, na ikaliagiza Bunge litunge sheria ya kueleza jinsi ya kufanya. Ndugu, fikirini mwizi wa kuku akiagizwa atengeneze kufuli la banda. (Hatusemi wabunge ni wezi, twasema juu ya kufuli.) Bunge likatengeneza Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011, ikajaa masharti. Kwanza upate uamuzi wa Mahakama Kuu. Aliyeshindwa katika uchaguzi asianzishe jambo hili. Usianze kabla ya miezi 24 tangu uchaguzi, wala usianze ikiwa imebaki miezi 12 kufika uchaguzi mwingine. Ulete sahihi za asilimia 30 ya wapiga kura walioandikishwa, na uzikusanye kwa siku 30. Nazo zitoke katika zaidi ya nusu ya wadi, kila wadi angalau asilimia 15. Hapa kwetu wadi ni nne, yaani Kamagambo Kaskazini, Kati, Mashariki na Kusini; basi ni lazima upate tatu.

Tufanye hesabu kwa mfano tu. Jimbo likiwa na wapiga kura 60,000, sahihi zinazotakiwa ni 18,000. Kwa siku 30 ni sahihi 600 kila siku, Jumapili ikiwemo. Mtu mmoja mwenye hasira hawezi kazi hiyo.

Mwaka 2017 Mahakama Kuu, katika kesi iliyopelekwa na Taasisi ya Katiba na wenzake, iliamua kwamba masharti kadha ya sheria hiyo yalikuwa ya ubaguzi na yalipingana na Katiba. Tulidhani njia imefunguka. Kumbe wabunge walikaa kimya bila kutunga sheria nyingine mahali pa ile iliyokatwa, na haki ikabaki ikielea. Baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024, watu wengi walitaka kuwaondoa wabunge wao, wakaambiwa haiwezekani. Tume ya Uchaguzi yenyewe ilikuwa haina makamishna tangu Januari 2023, na wapya hawakuapishwa mpaka Julai 2025. Hesabuni: dirisha la miezi 24 lilifunguka Agosti 2024, na miezi 11 ya kwanza ikapita bila Tume kamili. Kisha mwaka 2025 Tume ikaeleza kwamba njia ya kumwondoa mwakilishi wa wadi ipo, kwa sababu Sheria ya Serikali za Kaunti ilirekebishwa mwaka 2020; lakini ya mbunge na seneta haina sheria ya kutumika mpaka Bunge litunge.

Basi mwakilishi wa wadi ndiye aliye karibu na mkono wetu, na maoni yetu ni kwamba hapo ndipo pa kutazama. Yeye ndiye anayepitisha bajeti ya kaunti. Yeye ndiye anayepaswa kumwuliza Gavana juu ya soko letu. Akilala, Gavana hana wa kumwuliza. Wadi ikiwa na wapiga kura 15,000, sahihi zinazotakiwa ni 4,500, yaani 150 kwa siku. Kazi hiyo ni nzito, lakini watu waliozoea kukusanya michango ya chama kila mwezi, na kuandika majina kwenye daftari bila kukosea namba ya kitambulisho, wanaweza kuifanya.

Wako wanaosema kwamba hili si jambo la vyama vya wafanyakazi. Sisi twawajibu kwa habari ya Los Angeles, Marekani. Jiji hilo liliweka haki hii katika sheria zake mwaka 1903. Mwaka uliofuata diwani aitwaye Davenport aliondolewa kwa kura, baada ya kuunga mkono kazi ya jiji ya kupiga chapa ipewe gazeti la Los Angeles Times, adui mkubwa wa vyama vya wafanyakazi, ingawa bei yake ilikuwa juu. Wapiga chapa wenye chama chao walikuwa mstari wa mbele. Mwaka 1911 watu wa Seattle walimwondoa meya wao, Hiram Gill, na wanawake waliokuwa wamepata kura mwaka 1910 walihesabika sana katika jambo hilo. Kweli, mwaka 1914 walimchagua tena. Hiyo pia ni haki yao.

Wengine wanaogopa kwamba walioshindwa watatumia njia hii kumsumbua kila mshindi. Hofu hiyo ina maana, na ndiyo sababu sisi hatutaki sahihi ziwe chache mno. Lakini katika chama chetu, katibu wa tawi akila michango, hatungojei miaka mitano. Katiba ya chama yatuonyesha jinsi ya kumwondoa, na kila mwanachama aweza kuisoma. Hatuoni kwa nini mheshimiwa alindwe kuliko katibu wa tawi.

Twataka mambo mawili kwa mbunge wetu wa Rongo na kwa seneta wetu wa Migori, yeyote atakayekalia viti hivyo. Kwanza, sheria ya Kifungu cha 104 itungwe upya, yenye masharti ambayo mkata miwa aweza kuyatimiza. Pili, siku za kukusanya sahihi ziongezwe zifike 60, kwa sababu watu wetu wako shambani mchana. Atakayekuja kuomba kura aulizwe hayo mawili mbele ya watu, na jibu lake liandikwe.

Na kwenu ninyi wanachama: mtu akija na karatasi tupu akiomba sahihi kwa shilingi hamsini, msitie. Mwambieni kwanza aandike juu ya karatasi jina la anayetakiwa kuondolewa, na sababu yake.