Darasa la kwenye skrini sawa, ila nani atatuambia tulipochemsha?

Najua wengi mnahangaika na maandalio ya somo maana mazoezi ya kufundisha yanakaribia, ila kuna jambo naomba tulijadili kidogo.

Stori ya mjini sasa ni kwamba akili mnemba itatunoa sisi walimu watarajiwa. Yaani unakaa mbele ya skrini, wanafunzi wa katuni wanakutazama, mmoja anasinzia, mwingine anapiga soga, wa tatu anakuuliza swali la mtego. Unafundisha, wanakujibu. Ukichemsha unaanza upya. Hilo mimi naliunga mkono mia kwa mia. Rubani anaanzia kwenye ndege ya bandia kabla ya kupewa abiria, sasa kwa nini sisi tujifunzie kwenye vichwa vya watoto wa watu?

Wenzetu wa Marekani hawajaanza jana. Chuo Kikuu cha Central Florida kilibuni TeachLivE, darasa la wanafunzi wachache wa kwenye skrini, na nyuma yao kulikuwa na mtu aliyefunzwa kuwasemea. Sasa mashine inachukua nafasi ya mtu huyo. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walitoa GPTeach, ambayo wanafunzi wake ni akili mnemba yenyewe, unachati nao kwa maandishi.

Lakini kuna kitu wapiga debe hawakisemi. Mwaka 2020 ulitoka utafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia. Walimu wanafunzi waliingia darasa la kwenye skrini mara mbili. Katikati, wengine waliachwa watafakari wenyewe walivyofundisha, wengine wakakaa dakika tano na mtu wa kuwaelekeza. Waliorudi wameiva ni wale walioelekezwa. Wale wa kutafakari peke yao hawakusogea kitu. Skrini ile ile, watoto wale wale!

Sasa njoo kwetu. Kinachotuua si kukosa mashine, ni kukosa hizo dakika tano. Asesa anakuja, anakaa nyuma, anajaza fomu, anasaini, huyo anawahi shule nyingine. Ukiletewa kompyuta mia moja kwa mtindo huo huo, utarudia makosa yako mara mia moja.

Halafu kuna ukimya. Mtoto wa kidato cha kwanza aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili anakutana na Baiolojia ya Kiingereza. Unauliza, darasa zima kimya. Si wajinga, wala si watundu, lugha imewakaba. Mwanafunzi wa mashine iliyolishwa mazungumzo ya Kiingereza cha wenyewe atakujibu tu, tena kwa ufasaha. Utatoka pale umejiamini, ukifika shule ya kata unakuta macho themanini yanakutazama.

Wapo wanaosema tuachane nayo, umeme wenyewe hauaminiki. Sikubaliani nao. Tatizo langu ni njia ya mkato. Kaka na dada zetu waliosoma shule za kata miaka ya 2000 wanawakumbuka walimu wa "voda fasta", vijana waliotoka kidato cha sita, wakapigwa msasa wiki chache na kusukumwa darasani. Kosa halikuwa lao, waliachwa peke yao tu. Naogopa kesho mtu atasema wamefanya mazoezi kwenye kompyuta, inatosha, kisha mazoezi ya shuleni yafupishwe. Watakaolipa ni wale watoto, maana kidato cha pili hakirudiwi kwa kubonyeza kitufe.

Kwa hiyo programu zije, tena zijue Kiswahili na ukimya wetu. Ila kwa kila dakika tano za skrini, tudai dakika tano za mwalimu mzoefu. Na tusisubiri mradi: simu tunazo, rekodi kipindi chako, mpelekee mwalimu wa somo pale shuleni ulipopangiwa, mwambie, "Mwalimu shikamoo, naomba unionyeshe nilipoharibu."

Mnasemaje wadau? Nawasilisha.