Si Kila Kununa Ni Sonona

Ukishavuka Daraja la Mkapa kuelekea Lindi, keti kijiweni Chumbi usikilize. Kijana wa bodaboda anasema timu ya Simba imemwachia troma. Anayedaiwa fedha za vikoba anamwita mdai wake toksiki. Mwanafunzi aliyekaripiwa jana leo ana dipresheni. Wapo wanaoyasikia haya wakafurahi: watu wameamka, wanasema, ukimya umevunjika. Nakataa. Ukimya umebaki palepale, ila sasa umefunikwa na kelele.

Sonona, yaani dipresheni anayoitaja daktari, ina masharti. Moyo kuwa mzito, au kukosa hamu hata na ulichokipenda, kutwa karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Tena usingizi uharibike, chakula kisipite, ujione hufai, hata uwaze kufa. Na kiwewe kinachobaki baada ya janga hakitajwi mpaka upite mwezi na mtu bado yumo ndani ya tukio, analiota, anaikwepa njia inayomkumbusha.

Watu hao tunao. Kati ya 2015 na 2017 wauaji waliingia Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Wenyeviti wa vijiji walipigwa risasi, wengine nyumbani kwao. Aprili 13, 2017, askari polisi 8 waliuawa siku moja. Mjane wa wakati ule akisikia pikipiki ikipunguza mwendo nje usiku, mwili ukafa ganzi, aseme ana nini? Neno lake, troma, tumeshalimalizia kwenye mpira.

Na lugha yetu haikupungukiwa! Anayelalamika nyumbani asubuhi hadi jioni ana gubu. Aliyeamka kanuna ana kisirani. Aliyefungia ugomvi moyoni ana kinyongo. Mfiwa ana majonzi, yakimzidi ni kihoro. Anayengoja habari asiyoijua ana jakamoyo. Kila neno hapa linakuonyesha pa kuanzia: mwenye kinyongo mkalishe na mwenzake, mfiwa kaa naye matanga. Ukiambiwa "troma", unaanzia wapi? Na aliyekopa ukimwita mdai wake toksiki, deni limelipwa?

Kinachoniuma zaidi ni "afya ya akili". Maneno yaliyokuja kuondoa aibu yamegeuzwa tusi. Mtu akibishana kidogo, "huyo ana afya ya akili", wakimaanisha kichaa, kama zamani walivyomtajia mtu hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe. Mgonjwa wa kweli akisikia hivyo ataijongelea zahanati?

Masika ya 2024 Rufiji ilifurika, mashamba ya bondeni yakazama. Jirani yangu mmoja alipoteza mpunga wote. Juzi bombani aliwaambia wenzake kwamba tangu maji yale hajapata usingizi wa kueleweka, na jembe akilitazama hana hamu nalo.

"Hata sisi tuna stresi, shoga," mmoja akamjibu, akasogeza ndoo yake mbele.